Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Ubuyu, Vanila Isiyo na Kileo na Juisi ya Ukwaju

SWALI: Ninatengeneza ubuyu nyumbani na kuwauzia wanafunzi wa mtaani kwetu. Rangi nyekundu ninayoinunua sokoni hupimwa kwa kijiko kutoka kwenye mfuko usio na jina wala maelezo, nami nimeanza kuingiwa na wasiwasi. Nilijaribu maji ya bitiruti, lakini ubuyu ukatoka na rangi ya kahawia. Nifanyeje?
– Mama muuza ubuyu, Morogoro

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, dada yangu, kwa sababu anayekula ni mtoto, na rangi isiyo na maelezo hakuna anayeweza kukuthibitishia kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Bitiruti ilikuangusha kwa kuwa rangi yake haivumilii moto wa muda mrefu. Jaribu rozela, ambayo wengine huiita choya. Wekundu wake hukolea penye uchachu, na ule unga unaozifunika mbegu za ubuyu ni mchachu kwa asili.

Kwa kilo moja ya ubuyu, loweka viganja viwili vya rozela kavu katika vikombe viwili vya maji yaliyochemka kwa dakika 15, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Changanya maji hayo na nusu kilo ya sukari, uyabandike motoni mpaka yawe shira. Ili kuipima, dondoshea tone kwenye sahani, na likishapoa ulishike kwa vidole viwili: likivuta uzi, shira imeiva. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa maana humimina ubuyu huku moto ukiwaka, na ule unga ama huyeyuka na kuziacha mbegu tupu, ama huungua na kuwa mchungu. Epua kwanza. Tia chumvi kidogo, pilipili ya unga na iliki uliyoitwanga wakati huohuo, kwa sababu harufu ya iliki hupotea upesi ikishasagwa, na hupotea upesi zaidi ikichemshwa. Ndipo umimine ubuyu, ugeuze haraka, unyunyizie unga wa ubuyu juu yake na uutandaze kwenye sinia mpaka ukauke.

Sitakuficha jambo moja: ubuyu wako hautang'aa kama ule wa rangi ya dukani, bali utakuwa na rangi ya damu ya mzee. Waeleze wateja wako sababu yake. Mzazi anayejua mwanawe anakula nini atarudi kununua.

SWALI: Nyumbani kwetu hatutumii kileo hata kidogo, nami nimesikia kwamba vanila hutengenezwa kwa kileo. Je, kuna namna nyingine ya kupata ladha hiyo kwa ajili ya keki na maziwa?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Ulivyosikia ni kweli kwa vanila halisi ya kimiminika, maana maganda yake hulowekwa katika kileo ili harufu itoke. Lakini sukari nayo huishika harufu hiyo vizuri. Nunua ganda moja la vanila iliyokaushwa (wakulima wa Kagera wanaizalisha), ulipasue kwa urefu na kulifukia ndani ya nusu kilo ya sukari katika chupa yenye mfuniko unaobana. Baada ya wiki mbili au tatu, sukari yote itakuwa inanukia. Bei ya ganda itakushtua, na sababu yake ni kwamba ua la vanila hufunguka kwa siku moja tu, na mkulima hulazimika kulichavusha kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Kwa hiyo usilitupe: ukilichemsha katika maziwa, lioshe, ulikaushe kabisa na ulirudishe katika sukari.

SWALI: Juisi yangu ya ukwaju huwa na ladha ya chuma. Kosa liko wapi?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Bila shaka unauloweka ukwaju katika sufuria ya alumini na kuuacha humo usiku kucha. Asidi ya ukwaju huila alumini, na ladha ya chuma huingia katika juisi. Loweka katika bakuli la kioo au la kauri, kwa maji ya moto, kwa muda wa saa moja, kisha uufikiche kwa mkono na kuuchuja. Tangawizi iliyotwangwa itie mwishoni, na sukari uionje kabla ya kuongeza.