Nyama Huna, Mkeka Unao

Tanga, Jumamosi 21 Februari 2026

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku wazima, ila goti la baba yako linamsumbua na joto la mwezi huu halimwachi mtu alale. Swali lako nilimsomea kwa sauti, tukacheka wote wawili. Nalirudia hapa ili usije ukasema nimejibu nisichoulizwa: "Mama, padre ametangaza Ijumaa zote za Kwaresima tusile nyama, na tujinyime. Mimi nyama naiona mshahara ukitoka. Mchana ugali maharage, usiku chai na chapati. Sasa nijinyime nini?"

Nianze na sheria, maana hiyo haina maneno mengi. Siku za kufunga kabisa Kanisa limetuwekea mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga kwenyewe ni kula mlo mmoja wa kushiba, na asubuhi na jioni unaruhusiwa kutia kitu kidogo mdomoni. Sheria hiyo inamhusu mwenye miaka 18 hadi anapoanza mwaka wa 60. Kuacha nyama kunaanza kwenye miaka 14. Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na wanaofanya kazi nzito mapadre wetu wamezoea kuwatua mzigo huo. Wewe unayepakia na kupakua magunia godauni tangu alfajiri, ukifunga ukaanguka na gunia kichwani hutakuwa umempendeza Mungu, utakuwa umemtia hasara mwenye gunia. Kamuulize padre wako, atakwambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo upande wa nyama huna deni, umeshinda kabla ya kucheza. Huku Tanga wapo wanaoshika sheria ya Ijumaa kwa changu wa kupaka, nazi nzito, ndimu pembeni, na siku hizi samaki wa namna hiyo anaishinda nyama kwa bei. Nyama hawajala, kweli. Mimi siwahukumu, ila na wao wasinihubirie.

Lakini hujanisikia bado. Jumatano, wakati unasubiri kupakwa majivu, ulisikia Injili? Ni Mathayo sura ya 6, ndiyo inayosomwa kila mwaka siku hiyo. Yesu anataja mambo matatu kwa mpangilio: kwanza sadaka, kisha sala, kufunga kunakuja mwisho. Sisi tumegeuza. Ukimuuliza mtu Kwaresima ni nini atakwambia ni kutokula nyama, na hapo ndipo unapokwama wewe, kwa sababu umeanzia mwisho. Petro Krisologo, aliyekuwa askofu wa Ravenna kule Italia katika karne ya 5, alihubiri kwamba sala, mfungo na huruma ni kitu kimoja, na aliye na kimoja pasipo vingine hana hata hicho. Maana yake kwa mtu kama mimi ni hii: kile nilichojinyima lazima kionekane kwenye sahani ya mwingine. Nikiacha sukari mwezi mzima kisha hela ya sukari ikabaki kwenye pochi yangu, hapo nimebana matumizi. Jambo zuri, lakini hata asiyesali hubana matumizi.

Jana tulisomewa Isaya sura ya 58. Nilikukumbuka mno. Watu wanamlalamikia Mungu: mbona tumefunga, nawe huoni? Naye anawajibu kwamba siku yenyewe ya kufunga wanatafuta faida zao na kuwalemea wanaowafanyia kazi. Kisha anawaambia saumu anayoitaka yeye: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumwingiza nyumbani asiye na pa kulala, kumvika aliye uchi. Nabii hakumkaripia mbeba mizigo, mwanangu. Aliowakaripia ni wenye mali, waliokuwa wakiinamisha vichwa vyao kama unyasi huku wafanyakazi wao wanaumia. Kwa hiyo usijione umeachwa nje ya Kwaresima kwa sababu ya umaskini. Sehemu kubwa ya maneno yake yanakutetea.

Sehemu kubwa, si yote.

Nyama huna, lakini mkeka unao, ule wa kubashiri mechi. Dada yako hajasema neno, usimgombeze. Ulijisema mwenyewe Krismasi, pale uliporuka kwenye kiti kwa ajili ya timu ya Uingereza ambayo hata mji wake huujui, kisha ukanyamaza ghafla dakika za mwisho. Mimi sijui mpira, ila nyuso za watoto wangu nazijua. Buku leo, buku mbili Jumamosi, na unaniandikia kwamba huna cha kuacha. Funga hicho. Funga na bando la usiku unalolimaliza kwa kuangalia video za watu wanaoanguka. Na hela hiyo usiirudishe mfukoni.

Pa kuipeleka umeniambia mwenyewe. Katika ujumbe wako umemtaja mwenzako aliyeumia mgongo akibeba, amelala ndani na siku asizofanya kazi halipwi. Wala huhitaji kusubiri bahasha ya Kwaresima ya parokia, ingawa na hiyo utie chochote. Nunua kilo mbili za unga na maharage, umpelekee Ijumaa jioni, ukae naye kidogo, msali pamoja akipenda. Hapo una sala, una mfungo, una huruma, na nyama haijatajwa. Kisha unawe uso, kama Injili ilivyosema, na usiende kusimulia godauni.

Najua utaniuliza kuhusu Jumapili, kwa vile nakujua. Ukihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 46. Toa Dominika 6, zinabaki 40. Dominika ni siku ya ufufuko hata ndani ya Kwaresima, kwa hiyo hatufungi, na ukialikwa pilau kula bila wasiwasi. Usije ukaniambia basi mkeka wa Jumapili ruksa.

Huku mwaka huu kuna raha yake, kwa sababu Ramadhani nayo imeanza wiki hii hii. Mtaa mzima umefunga, kila mmoja kwa namna yake. Jirani yetu ameshaanza kutuletea futari: magimbi ya nazi, tambi, na ule uji wa pilipili manga unaoupenda. Jana, Ijumaa yetu ya kwanza, akaleta sambusa za nyama. Baba yako alizitazama mpaka saa sita usiku ilipogonga. Sahani ya mtu hairudi tupu, hivyo asubuhi nimemrudishia na maandazi ya iliki watakayofuturia. Yule mama anashinda na njaa na kiu juani, na bado anapika sufuria kubwa kuliko nyumba yake. Ukimwona, hayo ya Petro Krisologo huhitaji kusoma.

Nisisahau kitubio. Nenda mapema. Usisubiri Juma Kuu, foleni inapofika nje ya kanisa na padre amechoka, na wewe uliyesimama muda mrefu unaanza kufupisha dhambi. Katekisimu tuliyokukaririsha inasema ungama walau mara moja kwa mwaka, na Ekaristi uipokee hasa wakati wa Pasaka. Ijumaa, kazi ikiruhusu, fika kwenye Njia ya Msalaba. Vituo ni 14, na wewe unayebeba mizigo utakielewa kile cha Simoni Mkirene, aliyebebeshwa msalaba wa Yesu, kuliko sisi tunaokaa kwenye viti. Mtu anatoka zake shamba, anashikwa na kubebeshwa mti wa mwingine. Hakuulizwa kama amekula.

Sasa Pasaka, ambayo ndiyo hasa nilitaka kukuandikia. Miaka hii miwili umekuwa unafika Jumamosi usiku umechoka, unakuja Misa ya Jumapili na shati jipya, unakula pilau, unaondoka. Pasaka ya namna hiyo unaanza hadithi ukurasa wa mwisho. Siku tatu zile ni ibada moja. Alhamisi Kuu padre anaosha miguu ya waumini, Ekaristi inahamishwa, altare inavuliwa vitambaa, na hutasikia baraka ya mwisho wala "nendeni na amani", kwa sababu ibada haijaisha. Ijumaa Kuu hakuna Misa popote duniani. Padre anaingia kimya na kulala kifudifudi, tunasoma Mateso kadiri ya Yohane, tunaubusu msalaba, tunatawanyika bila wimbo. Halafu Mkesha wa Jumamosi usiku: moto nje ya kanisa, taa zote zimezimwa, Mshumaa wa Pasaka umechongwa tarakimu za mwaka. Shemasi au padre anaimba "Mwanga wa Kristo" mara tatu, na moto unapita kutoka mshumaa mmoja hadi mwingine mpaka unawaona hata wale usiosalimiana nao. Kisha Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu wa kutangaza ufufuko. Masomo ni mengi, wengine husinzia, lakini lile la Waisraeli kuvuka bahari halikosi hata masomo yakipunguzwa. Na Aleluya, ambayo hatujaitamka tangu Majivu, inarudi. Wanakwaya huiimba kana kwamba wamedaiwa.

Mwaka huu nina sababu ya ziada. Katika jumuiya yetu kuna mama muuza dagaa, mtu mzima kunishinda, amesoma ukatekumeni, yaani mafundisho ya watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, tangu mwaka juzi, na usiku huo atabatizwa. Mimi ndiye msimamizi wake. Jumamosi asubuhi kwenye jumuiya ananiuliza maswali ambayo wewe na dada yako hamkuwahi kuniuliza mkiwa mafundisho, mengine sina jibu mpaka niende kwa katekista. Nataka uwe pale.

Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Jumanne ni siku ya Karume, kwa hiyo mapumziko yamefuatana, huna kisingizio isipokuwa Alhamisi. Omba ruhusa ya siku hiyo moja mapema, kabla wenzako hawajaiomba. Tiketi kata katikati ya Machi, ukichelewa wenye mabasi watakutoza wanavyotaka. Mshumaa wa mkesha usinunue huko, huku upo. Shati jipya si lazima, lile la Krismasi bado zuri, nilifue ukifika.

Baba yako anakusalimu, na anauliza ile timu ya Uingereza ilifungwa na nani.

Mama yako