Maswali na Majibu: Kishika Uchumba Kimeshapelekwa, Ndipo Unamuuliza Mungu?

Swali: Posa imekubaliwa, kishika uchumba kimepelekwa na kamati ya harusi imeanza vikao. Nataka kufunga siku tatu nimuulize Mungu kama huyu ndiye. Nifungeje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara limechelewa. Soma 1 Wafalme 22. Mstari wa 4 Yehoshafati, mfalme wa Yuda, anamwambia Ahabu, mfalme wa Israeli anayetaka kwenda vitani, kwamba watu wake na farasi wake ni kama wa Ahabu. Mstari wa 5 ndipo anataka wamuulize Bwana. Manabii wapatao 400 wakasema pandeni vitani. Nabii Mikaya peke yake alisema kweli, akapigwa kofi na kutiwa gerezani. Jioni ya siku ya vita Ahabu alikuwa maiti.

Kwa hiyo kabla ya kufunga jiulize: Mungu akisema hapana, utakwenda kuwaambia wazee? Kama huwezi, siku zako tatu ziombee hilo kwanza. Ukiweza, funga, na siku hizo simu za kamati zisubiri. Usimuulize Mungu alichokwisha kusema: ndoa ni “katika Bwana tu” (1 Wakorintho 7:39). Na madeni yake, hasira zake, kama ana mtoto aliyefichwa, hayo waulize wanaomfahamu. Usingoje ndoto ikueleze.

Swali: Nikifumba macho, nikafungua Biblia na kuweka kidole, huo mstari ni jibu langu?

Jibu: Hapana. Hiyo ni ramli, hata kama kitabu ni kitakatifu.

Swali: Nimeomba wiki nzima kuhusu kununua kiwanja, sijapata jibu. Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Nifanyeje? (Msomaji, Kibaha)

Jibu: Mwache huyo mteja anunue. Haraka ya muuzaji si sauti ya Mungu.

Yoshua 9 iliandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Wagibeoni walikuja na viriba vya divai vyenye viraka, viatu vilivyochakaa, na mkate mkavu ulioingia ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Israeli hawakuwa wazembe: waliuliza maswali na ule mkate waliupokea mikononi mwao. Lakini “hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana”. Wakaapa kutowaua, na baada ya siku tatu wakagundua hao ni majirani zao. Wao walikagua bila kuomba. Wengi wetu leo tunaomba bila kukagua, na hasara ni ile ile.

Andika ombi lako kwenye karatasi, sentensi moja inayojibika. “Bwana, nibariki katika mradi huu” siyo swali. Andika: “Ninunue kiwanja hiki kwa mkopo wa saccos, au nisinunue?” Daudi aliuliza hivyo kuhusu mji wa Keila uliovamiwa: niende nikawapige Wafilisti? Watu wake walipoogopa, akauliza tena. Baadaye akauliza kama wenyeji wa Keila watamtoa kwa mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda, akajibiwa watamtoa, akaondoka na watu wake wapatao 600 (1 Samweli 23).

Huku ukiomba, miguu itembee. Hakikisha hati ofisi ya ardhi, nenda serikali ya mtaa, ongea na majirani wa pande zote nne, na ukione kiwanja siku ya mvua kubwa. Kisha mweleze jambo hili muumini mmoja au wawili wasiopata chochote humo: dalali hapana, na anayesubiri fungu la kumi la mradi wako pia hapana. Wiki moja si kitu. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, alipata habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akasema na mfalme mwezi wa Nisani, miezi kama minne. Mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo papo hapo, kisha akataja muda, barua za kupita na mbao. Miezi ile alikuwa anaomba na kupanga.

Swali: Naruhusiwa kuweka ishara kama Gideoni na ile ngozi?

Jibu: Gideoni alikuwa ameshaambiwa aende (Waamuzi 6:14). Ile ngozi ya kondoo, aliyoomba ilowe umande huku ardhi ikiwa kavu, ilikuwa udhaifu wake, Mungu akauvumilia. Na anayeomba mvua iwe ishara Dar es Salaam mwezi wa Aprili ameshajijibu mwenyewe.

Swali: Mtumishi anasema nitume elfu hamsini kwanza ndipo anipe neno langu. Nitume?

Jibu: Usitume hata mia. Mika 3:11 inawakemea manabii wanaotabiri kwa fedha. Akikupigia tena, usipokee.

Swali: Nina amani kabisa moyoni. Si inatosha?

Jibu: Yona alilala fofofo ndani ya merikebu akimkimbia Mungu. Yesu alitoka jasho Gethsemane akiwa katikati ya mapenzi ya Baba. Amani ipime pamoja na Neno na ushauri, isisimame peke yake.

Swali: Na kama nimeshasaini, au nimeshaoa, bila kuomba?

Jibu: Rudi kwa Wagibeoni. Walidanganya, lakini Israeli walikuwa wameapa kwa jina la Bwana, kwa hiyo hawakuwaua. Wakawafanya wapasua kuni na wateka maji. Sauli alipokuja kukivunja kiapo kile kwa kuwaua, njaa ya miaka mitatu iliipiga nchi wakati wa Daudi (2 Samweli 21). Hivyo kukosa kuomba mwanzo si kibali cha kuvunja ahadi sasa. Mkataba wenye utapeli upeleke kwa mwanasheria wiki hii. Anayepigwa nyumbani aondoke kwanza akawe salama, mashauri yafuate. Lakini wewe ambaye ndoa yako ni nzito tu, piga magoti leo usiku, na mwenzako akikubali, ombeni pamoja.