Wapelelezi wangu ni mama zangu wakubwa wawili

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: ukiambiwa umchague mtu wa mtaani kwako awe mpelelezi wa hadithi, ungemchagua nani, na kwa nini? Mimi siwezi kuchagua mmoja. Nachagua wawili, na kila mmoja peke yake ni nusu. Ni mama zangu wakubwa, ndugu wa tumbo moja waliomtangulia mama yangu ambaye ni kitinda mimba. Mmoja anakaa Ujiji, mwingine Mwanga, hapa hapa Kigoma, na nyumbani tunawaita hivyo hivyo: Mama Mkubwa wa Ujiji na Mama Mkubwa wa Mwanga.

Wa Ujiji ndiye mkubwa. Ni mrefu, mwembamba, amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hatoki nyumbani bila kauntabuku kwapani. Humo anaandika nani kaleta mchango, nani kaazima sinia, na kila ukurasa una tarehe mbili, ya kawaida na ya mwezi wa Kiislamu. Wa Mwanga ni mfupi, mnene, aliachia shule darasa la nne, na maisha yake yote ni dagaa na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwenye mwalo wa Kibirizi. Hesabu zake ziko kichwani na hakuna aliyewahi kumpunja. Akikunong'oneza siri, nyumba ya tatu wanaisikia. Wakiwa pamoja hawamalizi chai bila kubishana. Wakikaa siku tatu bila kuonana, mmoja anapanda daladala kumfuata mwenzake, na akifika anasema alikuwa anapita tu.

Hadithi za upelelezi za Kiswahili nimezisoma tangu niko shule. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake nampenda. Joram Kiango naye namwonea fahari ya pekee, kwa sababu mwandishi wake, Ben Mtobwa, ni mtoto wa Kasulu, mkoani kwetu hapa. Lakini wote hao ni wanaume. Na bibi kizee katika hadithi zetu nyingi yuko wapi? Ama anatoa nasaha jikoni, ama ni mchawi. Kitu kikipotea, yeye ndiye wa kwanza kuangaliwa. Nataka mara moja yeye ndiye awe anauliza maswali.

Nimeliona hilo kwa macho yangu, ndiyo maana nasema kwa uhakika. Ilikuwa Ujiji, siku chache baada ya Idi Kubwa ya 2023, kwenye harusi ya binti wa mjomba wangu. Tulikuwa na madumu matatu ya mawese, ya lita 20 kila moja, kwa ajili ya migebuka na maharage ya wageni watakaotangulia. Kesho yake ndiyo nikaha. Mpishi akamimina kutoka dumu la tatu kwenye sufuria iliyokwisha pata moto, na sufuria ikalipuka kama fataki. Mafuta yalirukia kanga za watu. Ndani ya lile dumu mlikuwa na maji.

Kwa anayetoka mbali na Kigoma, mawese si kitu cha kuchezea hapa. Mgebuka bila mawese ni chakula cha mgonjwa. Kwa hiyo kelele zilizozuka zilikuwa kubwa, na katikati ya zile kelele mtu mmoja akataja jirani. Ni mama mjane wa rika la mama zangu wakubwa, anayepika sabuni ya mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, uani kwake. Alikuwa amepita siku mbili nyuma akasimama karibu na stoo. Macho yake ni mekundu, wakasema. Mzee mmoja wa ukoo akashauri aitwe mpiga ramli, na vichwa kadhaa vikaafiki.

Nawaomba wasomaji msilipite hapo haraka. Sisi wa huku magharibi tunajua maneno kama yale yanakoishia. Katika mikoa kama Tabora na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka hamsini. Mkono wangu uliokuwa unakata vitunguu ulisimama.

Mama Mkubwa wa Mwanga akainuka kwenye mkeka. Alimwendea yule mzee mpaka wakabaki hatua moja, akajivuta kope ya chini kwa kidole.

"Haya, niangalie na mimi. Mekundu au meupe? Miaka yote nabanika migebuka. Muiteni huyo wa ramli aanze na mimi."

Hakuna aliyejibu. Dada yake, bila kusimama, alifungua kauntabuku. "Tupeni siku moja," alisema taratibu. "Mpaka magharibi."

"Siku moja inatosha," wa Mwanga akadakia. "Wajerumani walizamisha meli nzima humu ziwani na ikaonekana, sembuse dumu!"

"Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924," dada yake akamsahihisha. "Hiyo ni miaka minane. Sisi tuna mpaka magharibi."

Nilipewa kazi ya kubeba madumu, kwa hiyo niliona kila kitu. Yalitolewa nje juani, yakapangwa ukutani. Ni madumu yale ya njano yanayopitisha mwanga. Julai kwetu ni kiangazi na usiku kuna baridi, na mawese yakipata baridi yanaganda, mgando unazama chini na mafuta mepesi yanabaki juu. Madumu mawili yalikuwa hivyo. La tatu lilikuwa na mkanda mweupe chini, na mgando ukielea juu yake kama kofia. Mafuta hayakai chini ya maji. Mama Mkubwa wa Mwanga alipima ule mkanda kwa viganja akasema, "Nusu. Lita kumi kasoro kikombe."

Kisha akakinusa kifuniko. Alikinusa, akafumba macho, akakinusa tena, akanipa na mimi. "Petroli," alisema. Mimi nilisikia mawese tu, lakini pua ile inaweza kukwambia dagaa huyu alilala jana au juzi.

Wa Ujiji akawa anapekua kurasa. Madumu yaliletwa mwezi 13, mfunguo tatu, yaani siku ya 13 ya mwezi wa Idi Kubwa, jioni. Yeye hamwamini muuzaji yeyote wa mafuta, hata awe ndugu, kwa hiyo jioni ile ile aliyapindua madumu yote moja moja na kuchota kikombe kutoka kila moja, na mboga ya usiku ikapikiwa hayo. Yalikuwa mazima. Asubuhi yake kikaja kitasa kipya na ufunguo akauvaa shingoni. Mlango ulikuwa wazi usiku mmoja tu, usiku wa kuamkia mwezi 14.

Wakaanza kuwahoji vijana na wapishi waliokuwa wakilala uani. Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikakaa chini, katikati ya hofu yote ile. Wa Ujiji alikuwa ameandika maswali kwa namba na hataki mtu aruke. Wa Mwanga anauliza la tano kabla ya la kwanza. Mmoja anaomba "maelezo kwa ufupi", mwingine anamshika shahidi mkono kama anagombea bei: "Umesema ulilala saa nne? Ongeza kidogo, mwanangu, saa nne ni mapema mno kwa kijana." Mpishi mmoja aliulizwa kama alisikia kitu, akasema alisikia "makelele". Akasahihishwa kuwa ni kelele, akaambiwa aendelee, akawa amesahau alichotaka kusema. Wa Mwanga akamtazama dada yake kwa hasira. "Umenifukuzia samaki!"

Zamu ikafika kwa kijana mmoja wa ukoo, fundi msaidizi wa injini za boti. Jina lake halina haja hapa.

"Mi usiku ule sikuwepo. Nilikuwa ziwani na wenzangu, tunavua dagaa."

"Mimi," alisema wa Ujiji akiandika. "Sema mimi. Usiku upi?"

"Ule walioleta madumu."

"Kuamkia mwezi 14." Aliisoma tarehe kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, akageuza ukurasa. Kwake ilikuwa tarehe tu.

Mama Mkubwa wa Mwanga hakusema neno. Kwa mara ya kwanza nilimwona amenyamaza. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Mwezi 14, baba, dagaa wa nani?"

Mtoto wa Kibirizi au Katonga haelezwi hili, lakini msomaji wa Dodoma huenda halijui. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi anawasha taa, dagaa wanaifuata, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa imejaa, kama ilivyo mwezi 14 wa Kiislamu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haimshtui mtu, kwa hiyo mitumbwi inabaki ufukweni na watu wanashona nyavu. Kijana aliinamisha kichwa. Mmoja alikuwa na tarehe bila kujua ina nini, mwingine alikuwa na mwezi na mbalamwezi zake lakini asingekumbuka ni usiku gani. Hayo ndiyo ninayoyaita upelelezi, na ndiyo maana siwezi kuwatenganisha.

Alikuwa ameharibu kifaa cha injini ya mtu na anadaiwa. Aliuza lita kumi, akajaza maji ya bomba, akitumaini harusi itapita bila dumu la tatu kufunguliwa. Alilia kwa uchungu. Mama zangu wakubwa wakabishana tena mbele yake, mmoja akitaka alipe kidogo kidogo kwa maandishi, mwingine akitaka asonge ugali wa wageni wote siku nzima. Alifanya yote mawili. Ni ugali wa muhogo, sufuria za harusi. Mikono yake ilivimba.

Na yule mama wa sabuni? Hakuwa ameambiwa chochote, lakini mtaa hauna ukuta, alijua. Mama Mkubwa wa Mwanga alimpelekea sahani ya kwanza, mgebuka mzima, kabla hata ya upande wa bwana harusi. Nilimsindikiza. Walikaa kwenye kibaraza macho yao mekundu yakitazamana, wakaanza kulaumu kuni za siku hizi kwa moshi.

Kwa hiyo, Mhariri, akitokea mwandishi wa kuiandika hadithi ya namna hii, naomba kitu kimoja. Asiwafanye bibi hawa watu wa kuchekwa kwa uzee wao, kwa magoti au kwa kusahau miwani. Kinachochekesha ni vile walivyo tofauti na vile wanavyopendana bila kukiri. Na asiwape bastola. Wana pua na kauntabuku.

Deni la yule kijana liliisha Desemba ya mwaka ule ule. Mama Mkubwa wa Ujiji aliupiga ukurasa mstari mwekundu, akaandika "Amemaliza", akatia sahihi. Mdogo wake aliusoma, akauchana kwa adabu zote, na kufungia dagaa wa mteja aliyekuwa anasubiri.

Msomaji, Mwanga, Kigoma