Machinga kurudi barabarani: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu umeuliza kwa uchungu, na uchungu wako naujua. Umesema machinga wa Kariakoo walipewa maeneo, basi kwa nini wanarudi kuziba njia, na kama huo si ukaidi ni nini? Nimetandika soksi na boksa Mtaa wa Kongo kuanzia 2017 mpaka tulipoondolewa Oktoba 2021. Nitajibu kwa niliyoyapitia.

Kwanza mali yenyewe. Wengi mnadhani kila aliyetandika chini ana mtaji wake. Mimi miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nachukua mali kauli kwa tajiri mwenye duka hatua ishirini tu kutoka nilipokaa. Asubuhi ananihesabia dazeni, jioni napeleka hesabu, kinachozidi ndiyo riziki yangu. Pea ananiandikia 700, naiuza 1,000, mteja akikaza namwachia 900. Dukani kwake kulikuwa na mashine ya risiti, kwenye turubai langu haikuwepo. Yaani mzigo wake ulikuwa unatoka bila kodi, kupitia mikono yangu. Jirani yake, ambaye hakutoa mali nje, alilia kila siku kwamba tunamzibia mlango ilhali yeye analipa pango na kodi, na alikuwa na haki kabisa. Kwa hiyo unaposikia wenye maduka wanataka machinga waondoke, fahamu wapo wengine mtaa huohuo wanaotaka wabaki.

Halafu kuna suala la vitambulisho. Zamani turubai langu nililifunga kamba kwenye kila kona, nikaziunganisha fundo moja katikati, nimelishika mguuni. Ukisikia tu "hao!" unavuta, mzigo unakuwa furushi, unakimbia. Ukichelewa, mali ya tajiri inapakiwa kwenye gari la mgambo, na deni linabaki kwako. Iliwahi kunitokea, nikalipa miezi mitatu.

Desemba 2018 Rais Magufuli akazindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Nilipokipata nilikivaa shingoni hadi nyumbani, nikazikata zile kamba. Nilikaa chini nikatulia kwa mara ya kwanza. Lakini hakuna aliyetuonyesha mwisho wa eneo la kila mtu ni wapi. Turubai likawa meza, meza ikawa banda, mabanda yakapanda juu ya mitaro na mbele ya frem za watu. Fujo mliyoiona 2021 ilijengwa hivyo, ubao kwa ubao, na watu wenye kitambulisho shingoni. Nami nilikuwa mmoja wao.

Siku moja akapita mzee asiyeona, ana fimbo yake. Kila alipoigusisha chini ikakuta mali ya mtu. Akatoka barabarani, mkokoteni wa maboksi ukamkumba nyonga, akaangukia juu ya soksi zangu. Hakutukana. Nilipomwinua, nikamwambia "shikamoo, pole mzee", akaitikia, kisha akauliza, "Njia iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu, maana njia nilikuwa nimeikalia mimi.

Jioni ile tuliokuwa safu moja, watu sita, tulichanga hela ya rangi. Tukachora mstari mweupe: mali isivuke hapa. Mgeni akija akitandika kwenye njia, tulimwondoa wenyewe. Mstari huo ulidumu zaidi ya mwaka.

Oktoba 2021 safu zote zikaondolewa, nikapangiwa kizimba kwenye soko la mbali. Sitalisema vibaya: bati zuri, choo kipo. Ila kituo cha daladala kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Siku ya kwanza niliuza pea tatu, na nauli pekee ilikula faida. Jamani, hakuna mtu anayetoka Mbagala kwa ajili ya soksi. Anaziona anaposhuka kwenye gari, anakumbuka za mtoto zimetoboka, ananunua. Kumpeleka machinga pasipopita miguu ya watu ni kumfunga biashara. Jengo la soko la machinga, Machinga Complex pale Ilala, lilijengwa kwa fedha nyingi na vizimba vingi vikakaa miaka bila watu, na bado tunashangaa. Wiki ya sita nilirudi mjini, soksi nimezining'iniza mkononi.

Kwa hiyo mkuu, ukaidi upo, siukatai, ila ni mdogo kuliko unavyodhani. Mimi ningeanza na pale wateja walipo: mita za kila mtu zichorwe chini na kupewa namba, ushuru ulipwe kwa simu, njia ya waendao kwa miguu iachwe wazi, na anayeivuka anyang'anywe namba yake. Tajiri anayetoa mali kauli nje naye aandikwe, risiti itoke kwake. Msituachie maneno ya "eneo rafiki" huku hatujui kesho tutaamkia wapi. Anayejua sehemu yake ni ipi huilinda. Sisi sita tulilinda rangi ya kopo moja, na yule mzee alipita tena mara nyingi, fimbo yake ikigonga lami tupu.