Tovuti imezidiwa, je nimeibiwa?

Shikamoo mama. Nauza vitenge Kariakoo, oda nyingi zinapitia tovuti yangu. Juzi usiku iligoma kufunguka, fundi akasema imeshambuliwa. Taarifa za wateja zimeibwa?

Marahaba mwanangu, pole sana. Shambulio la namna hii haliingii ndani, linaziba njia tu. Ni kama dirisha la tiketi za mwendokasi pale Kimara kujazwa na watu wasio na safari: mwenye safari hafiki. Seva yako, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ilihangaika na maombi ya uongo ya kuifungua tovuti hadi ikaelemewa.

Maombi hayo mara nyingi hutoka kwenye vifaa vya watu wasiojua lolote. Oktoba 2016 kirusi Mirai kiliteka kamera za ulinzi na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani, zikaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza simu na kompyuta zilipo tovuti kubwa. Wengi wakakosa Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kama una kamera dukani, nakusihi, badilisha nywila yake leo hii.

Anayekuhifadhia tovuti achuje maombi kabla hayajaifikia seva. Fundi naye akague nani aliingia usiku ule, maana wapo wanaoficha wizi ndani ya vurugu. Akijitokeza mtu anadai hela ili aache, usimtumie hata shilingi. Hifadhi ujumbe wake, upeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakulinda.