Anayetaka Unesi Mpe Hesabu Kwanza

Mwalimu wa sekondari moja ya Likoni, Mombasa, ameniandikia: klabu yake ya afya ina wanafunzi kumi na watatu wanaotaka unesi, aanzie wapi? Mwalimu wangu, anza na daftari na kalamu. Habari za wito na sare nyeupe wameshazisikia mpaka basi.

Alama kwanza. Diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inataka wastani wa C katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Shahada, kama ile ya Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, inapanda hadi C+, na hapo Kemia haikwepeki. Kila muhula andika alama za kila mtoto pembeni mwa zile zinazotakiwa, umwonyeshe. Inaniuma kuona mtoto akishangiliwa miaka minne, kisha matokeo ya KCSE ndiyo yamwambie kwamba Biolojia ilishamfungia mlango tangu kidato cha pili. Walio kwenye mtaala mpya wachague mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na wahakikishe Biolojia na Kemia zimo.

Sasa hesabu, maana wodini mgonjwa huumia kwa hesabu mbovu. Wape hii: mtoto ana kilo 12, ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Anahitaji miligramu 180. Gawanya kwa 120, zidisha kwa 5, unapata mililita 7.5. Wengi hugeuza, wakagawanya 120 kwa 180 na kuzidisha kwa 5, wakapata 3.3, na mtoto akabaki na homa yake kwa dozi isiyofika hata nusu. Mwingine hupoteza nukta akaandika 75. Hiyo ni dozi mara kumi, na ini ndilo linaloharibika. Dawa ya makosa haya ni swali moja kabla ya kushika kalamu: jibu litazidi mililita 5 au litapungua? 180 ni zaidi ya 120, basi lazima lizidi. Wakizoea, nenda kwenye dripu: mililita 500 kwa saa 4, mpira unaotoa matone 20 kwa mililita. Ni matone 10,000 kwa dakika 240, yaani kama 42 kwa dakika. Fungua bomba la shule lidondoke, wahesabu kwa macho na saa mpaka wajue matone 42 yanakwendaje.

Mapigo ya moyo wapimane wenyewe. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Gumba lenyewe lisipime, lina mapigo yake na litakudanganya. Hesabu dakika nzima: anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, pigo moja alilokosea linakuwa manne. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Ukimaliza usiachie mkono. Tulia vivyo hivyo, tazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu pumzi dakika nyingine bila kusema neno. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, hubadilisha anavyopumua. Kawaida ni 12 hadi 20.

Ziara ya hospitali ije baada ya hayo. Barua ya shule, idhini ya mzazi, wanafunzi wanne kwa safari, na waanzie kliniki ya mama na mtoto, ambako wataona watoto wakipimwa uzito na kuchanjwa. Kucha za bandia zitoke, uchafu hujificha chini yake hata mtu anawe vipi. Simu zibaki shuleni. Na wakirudi, jina la mgonjwa lisitajwe matatuni wala kwenye feri: aliyesimama kando yako huenda ni shangazi yake.

Wazazi nao wajue kwamba anayesomea uuguzi mahali pasipoidhinishwa na Baraza la Wauguzi Kenya hataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, hata awe na cheti kizuri namna gani. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, wakague orodha ya Baraza, na watafute jina la kampasi yenyewe atakayosoma mtoto.