Maswali ya Shamba: Agave haidai maji, tequila inayadai

Tangu niguse juma lililopita habari ya agave ya Mexico, mmea wa jamii ya mkonge unaotengenezewa pombe kali iitwayo tequila, simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache. Yaliyorudiwa nimeyajibu mara moja, naomba iwe mara ya mwisho.

Nina ekari 6 Handeni. Nataka kupanda agave ya buluu nitengeneze tequila. Nianzie wapi?

Anza kwa kulisahau neno tequila. Jina hilo linalindwa kisheria tangu 1974. Mmea lazima uwe Agave tequilana aina ya azul, uliolimwa katika jimbo la Jalisco, Mexico, au katika sehemu maalumu za majimbo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Utakachokamua Handeni ni pombe ya agave, nayo ina leseni zake, usije ukasema mimi ndiye niliyekutuma.

Halafu mnapenda kuniandikia "soko lipo". Lilikuwepo. Miaka michache iliyopita kilo moja ya agave kule Jalisco ilifika hadi peso 30. Watu wakang'oa mahindi, wakafyeka vichaka vya milimani, kila mtu akapanda. Mmea huu hukaa shambani miaka 6 au 7, kwa hiyo waliopanda pamoja walivuna pamoja, na kufikia 2024 bei ilikuwa chini ya peso 5. Wengine hawakuona hata faida ya kulipa wakataji. Bei iliporudi chini, vichaka havikurudi mlimani.

Mkonge na agave ni kitu kimoja?

Kila mkonge ni agave, si kila agave ni mkonge. Tuendelee.

Nimesoma kwamba agave haihitaji maji. Basi si ndiyo zao bora kwa mazingira kuliko yote?

Hili linanikera kwa sababu nusu yake ni kweli.

Shambani ni kweli. Agave hufungua matundu ya majani yake usiku, wakati hewa imepoa, ikavuta hewa ukaa na kuihifadhi. Mchana jua linapochoma, inayafunga. Kwa hiyo haipotezi maji kama mahindi, na mashamba mengi ya Jalisco yanategemea mvua tu.

Ila hakuna anayekunywa jani. Ukishakata ule moyo wa mmea, ambao wao huuita piña kwa sababu unafanana na nanasi, unapikwa kwa mvuke, unasagwa, unakamuliwa, juisi inachachushwa kisha inatoneshwa mara mbili. Kote huko kuna maji na kuna kuni, dizeli au gesi. Na kwa kila lita ya tequila hubaki kiasi cha lita 10 za maji machafu wanayoyaita vinaza: ya kahawia, ya moto, makali kama siki, yamejaa mabaki ya mmea. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa yote iliyomo majini, na samaki hawana pa kupumulia.

Mimi sikuyasoma haya kitabuni. Nimekulia jirani na korona, yaani kiwanda cha kukamua singa (nyuzi) za mkonge, siwataji wenyewe. Siku mashine ikifanya kazi, kijito chetu kiligeuka kijani na kutoa povu. Tuliokuwa wakaidi tukaingia hivyo hivyo, usiku mzima tunajikuna miguu. Samaki wadogo walikuwa wanaelea ubavu, na mama mmoja aliyekuwa akifua pale chini alihamia kisimani akawa hapiti tena njia ile. Singa tulizokuwa tukizisifu ni kama asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki chote kilikwenda mtoni.

Dawa yake inajulikana. Mabaki yanaingizwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, yanatoa gesi, gesi inarudi kuchemsha maji ya kiwanda. Hale, mkoani Tanga, walijenga mtambo wa namna hiyo kwa mabaki ya mkonge miaka ya 2000, ukazalisha umeme. Makapi ya agave nayo yakilundikwa na kugeuzwa vizuri yanatoa mboji. Kwa hiyo mtu akija na mradi wa agave "rafiki wa mazingira", usimuulize habari za shamba. Muulize bomba la kiwanda linamwaga wapi, kisha nenda ukaangalie mwenyewe.

Eti Wamexico wanaacha agave itoe maua kwa ajili ya popo. Popo huyu huyu anayetumalizia maembe?

Si huyu huyu. Wale ni popo wadogo wenye pua ndefu na ulimi mrefu, wanaoishi kwa maji matamu ya maua. Lakini usimdharau na wa kwako, ndiye anayechavusha mbuyu usiku wewe ukiwa umelala.

Agave hutoa mlingoti mara moja tu maishani, ikachanua, ikafa. Mkulima wa tequila hataki kuuona mlingoti huo kwa kuwa unanyonya sukari yote ya moyo, kwa hiyo anaukata ungali mchanga. Miche mipya anaipata kwa kung'oa maotea pembeni ya mmea mama, kama ufanyavyo na migomba. Fanya hivyo vizazi na vizazi, bonde zima litakuwa watoto wa mama mmoja, na ugonjwa unaomuua mmoja unawaua wote. Waulize wenye migomba, wanaujua mnyauko. Jalisco waliuona mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kuvu wa Fusarium na bakteria wa Erwinia walipoozesha mashamba, na agave ikaadimika.

Mtaalamu wa popo wa chuo kikuu cha UNAM cha Mexico, Rodrigo Medellín, pamoja na watengenezaji wachache, wakaja na wazo rahisi: acha asilimia 5 ya mimea ichanue. Katika mimea 3,000 ni 150, haikufilisi. Popo anapata chakula, analeta chavua kutoka kwingine, na mbegu zinazozaliwa zina sura tofauti tofauti, unaweza kuchagua zinazohimili ugonjwa. Chupa za kwanza za mpango huo zilitoka 2016. Aina moja ya popo hao iliondolewa katika orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini mwaka 2018, ingawa juhudi za kuiokoa zilianza zamani na hazikuwa za tequila peke yake.

Na msidhani sisi hatuhusiki. Mkonge chotara nambari 11648, uliojaza mashamba yetu, ulizalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, kwa kuchanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia, na huyo wa pili ni ndugu wa karibu wa agave ya tequila. Chotara hupatikana kwenye maua. Waliokata kila mlingoti wasingeupata.

Naomba jina la dawa nzuri ya kuua majani yote katikati ya mistari.

Sikupi. Agave mizizi yake ni mifupi, na inakua taratibu, hivyo shamba lililopigwa dawa linakaa tupu miaka. Likiwa mteremkoni na mistari imeshuka moja kwa moja na mlima, kama niionavyo hata kwenye mikonge yetu, mvua moja ya masika inaondoka na udongo wa juu. Pandeni kwa kukinga mteremko, majani yafyekwe yaachwe pale pale. Nimeshasema hivi mara ngapi?

Niko Toronto. Ninunue tequila ipi isiyoharibu mazingira?

Jina sitaji, silipwi na mtu. Tafuta iliyoandikwa asilimia 100 agave, kwa sababu nyingine sheria inaruhusu karibu nusu ya sukari itoke kwingine, mara nyingi miwa. Lakini maandishi hayo hayakuambii lolote kuhusu vinaza wala msitu. Ipo nembo ya ARA, inayothibitisha shamba halikutokana na msitu uliofyekwa. Waulizeni wauzaji kama wanayo. Wakikodoa macho, umeshajibiwa.

Ule mdudu ndani ya chupa ni wa nini?

Huyo ni wa mezcal, pombe nyingine ya agave ya Mexico, tena baadhi tu. Tequila haina mdudu.

Mkonge wangu una mwaka mmoja. Naweza kupanda kitu katikati?

Hatimaye swali la mkulima! Unaweza, tena unapaswa. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo nafasi kati ya mistari ni pana na jua linaifikia. Weka maharage au choroko, zinafunika udongo na kuurutubisha. Mahindi pia, ila usiyasogeze karibu sana, yanautia mkonge kivuli. Ukishavuna usichome mabua. Na miiba ile ya ncha, mkataze mtoto asiende kucheza humo; mimi nina kovu hapa juu ya nyusi.